Ndoa Huzaliwa kwa Vigelegele, Hufa kwa Kimya

Harusi ya Pwani haifichiki. Mtaa mzima hujua kwamba fulani anaoa au fulani anaolewa: hina imeshatiwa, masufuria ya pilau yako motoni tangu alfajiri, taarabu imepangiwa mahali pake, na vigelegele vya akina mama husikika mpaka mtaa wa pili. Kisha huja fungate, siku saba ambazo maarusi huandaliwa na kuhudumiwa kama wafalme. Hivyo ndivyo ndoa izaliwavyo kwetu, kwa kishindo na mashahidi wengi.

Lakini siku ndoa hiyo hiyo inapoanza kufa, hakuna asikiaye. Hapapigwi ngoma wala hapaandikwi barua. Mume na mke huendelea kulala chini ya dari moja, kula sinia moja, kwenda harusini na mazikoni pamoja, ilhali kile kilichowaunganisha kimekwisha kuondoka kimyakimya, kama mgeni asiyeaga.

Msomaji mpenzi, mazungumzo yetu ya leo si juu ya talaka, wala si juu ya vijana walioachana kabla hina haijafifia. Hao wana waandishi wao. Twataka kuzungumza juu ya wale waliokaa pamoja miaka 20, 30, hata 40, ambao watu wakipita mlangoni pao husema, "Nyumba ile ina baraka." Wahenga walitwambia kwamba nyumba njema si mlango. Ndani ya baadhi ya nyumba hizo mna watu wawili wapweke, kila mmoja akimdhania mwenzake kuwa ndiye aliyefunga moyo kwanza. Upweke huu hutoka wapi? Nasi twasema mapema, ili msomaji ajue tunakokwenda: ndoa ya miaka mingi aghalabu haifi kwa kugombana. Hufa kwa kutoitikana.

KUITA NA KUITIKA

Mtoto wa Pwani, kabla hajajua kuhesabu, hufundishwa namna ya kuitika. Akiitwa na mkubwa wake haruhusiwi kujibu "Nini?" Akijibu hivyo atapata kofi la shavu au walau jicho kali. Hufunzwa kusema "Naam," au "Bee" akiwa ni msichana, au "Labeka." Neno hili la mwisho lina uzito wake. Limetokana na Kiarabu, na ni ndugu wa lile neno ambalo hujaji hulitamka anapoikaribia Makka, kumwambia Mola wake kwamba ameusikia mwito na amekuja. Basi aitikaye labeka hasemi tu kwamba masikio yake yamesikia. Asema, "Mimi niko hapa kwa ajili yako."

Ajabu yetu ni kwamba adabu hii twaishika kwa wazee, kwa walimu na kwa wageni, tukaisahau kwa yule tunayelala naye kitanda kimoja.

Maana katika ndoa watu huitana kutwa kucha, na mara nyingi mwito hauji kwa jina. Mke asema, "Leo changu wamepanda bei sokoni." Yeye hakusudii kutoa habari za biashara. Mume asema, "Mgongo huu wanisumbua tangu juzi." Hamtafuti daktari. Jioni mke amesimama dirishani: "Baba Omari, hebu njoo uone mwezi ulivyotoka leo." Mwezi ule ni ule ule wa miaka yote. Lililomo ndani ya maneno hayo ni moja: je, uko pamoja nami?

Kwa mwito kama huo kuna majibu matatu. Baba Omari aweza kuinuka akauone huo mwezi, au hata bila kuinuka akasema, "Ahaa, basi kesho kutwa ni mwezi mpevu." Hilo ni jibu. Aweza kusema kwa ukali, "Mimi mtoto mdogo wa kuonyeshwa mwezi?" Hilo ni jibu baya, lakini bado ni jibu, na kesho mke aweza kumdai haki yake. La tatu ni kutosema kitu, macho yakabaki kwenye simu, au kwenye gazeti, na pengine gazeti lenyewe ni hili. Hilo la tatu ndilo sumu, kwa kuwa halina kelele, halina shahidi, na hakuna mzee awezaye kuitwa kulisuluhisha. Mke ataonyesha mwezi mara ya pili, na mara ya tatu, kisha ataufunga dirisha, na mwezi atautazama peke yake.

Jambo hili wazee wetu walilijua bila ya kulipima. Wenzetu wa Marekani wamelipima. Katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko Seattle, mtaalamu wa elimu ya nafsi aitwaye John Gottman alifungua mwaka 1986 mahali pa kuwachunguza wanandoa wakizungumza mambo yao ya kila siku. Yeye na wenzake walihesabu ile miito midogo midogo tuliyoitaja, na namna kila mmoja alivyoiitikia. Maarusi waliochunguzwa walifuatwa tena baada ya miaka 6. Wale waliokuwa bado wako pamoja walikuwa wameitikiana mara 86 katika kila miito 100. Wale waliokwisha kuachana walikuwa wameitikiana mara 33 tu. Tazama basi, msomaji, jinsi mwezi wa dirishani ulivyo na uzito kuliko mkufu wa dhahabu.

WALIOITANA KWA JINA LA MTOTO

Kuna desturi yetu moja nzuri ambayo ndani yake mna mtego. Mtu akishapata mtoto, jina lake hufunikwa na la mwanawe. Aliyekuwa Maryamu huwa Mama Fatuma, na aliyekuwa Saidi huwa Baba Fatuma. Ni heshima, wala hatuisemi vibaya. Mke wa adabu hapigi kelele uani akilitaja jina la mumewe kama amwitaye mtoto wa jirani.

Lakini hebu tuifuate desturi hii mpaka mwisho wake. Kwa miaka 25 watu wawili wameitana kwa jina la mtoto, na mazungumzo yao pia yamekuwa ya mtoto: karo ya skuli, homa ya usiku, chuo na mwalimu wa chuo, mchumba aliyekuja kuposa. Kisha Fatuma huolewa akahamia Malindi, na Omari akapata kazi Nairobi. Nyumba ikanyamaza. Baba Fatuma na Mama Fatuma wakatazamana juu ya sinia la wali ambalo sasa ni kubwa mno kwa watu wawili, na kila mmoja akajiuliza kimoyomoyo: huyu ni nani, na nizungumze naye nini?

Hawakugombana hata siku moja. Walishughulika. Walikuwa kama makuli wawili wa bandarini waliobeba gunia moja zito. Kwa muda wote walipokuwa wakilibeba walikwenda hatua sawasawa, na walipolitua wakagundua kwamba hawajapata kuulizana majina. Watu huita hali hii mazoea. Kwa fikira zetu mazoea hayana kosa, kwani hata sala ni mazoea. Kosa ni kudhani kwamba kwa kuwa umemzoea mtu basi umekwisha kumjua, huna haja ya kumuuliza tena. Mke wa miaka 50 si yule msichana wa miaka 20 uliyemtolea mahari. Amezika wazazi wake, ameogopa mambo ambayo hukuyajua, ametamani mengine akayaacha. Aliyekoma kumuuliza habari zake miaka 15 iliyopita anaishi na picha yake ya zamani.

UPWEKE WA WANAUME

Twarithi fikira kwamba katika ndoa mwenye kuumia kwa kimya ni mwanamke. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mwaka 1982 mtaalamu wa Kimarekani aitwaye Marc Swartz, ambaye aliishi na Waswahili wa Mji wa Kale wa Mombasa akichunguza maisha yao, alichapisha makala juu ya ndoa zetu. Katika jina la makala hiyo aliweka mambo mawili kando kwa kando: upweke wa wanaume na furaha ya wanawake. Wengi wangetarajia kinyume chake.

Hoja yake haikuwa ngumu. Mwanamke wa mji ana dada zake, mashoga zake, majirani zake, na kila arusi na kila matanga humpa nafasi ya kucheka na kulia na wenzake. Mume ana baraza. Lakini nani aliyepata kusikia mwanamume akisema barazani, "Jamani, mimi naogopa," au, "Mke wangu hanisemezi, nami naumia"? Barazani watu huzungumza siasa, mpira, bei ya bidhaa na habari za Gaza. Hapo ni mahali pa kulinda heshima, na moyo mtupu haupelekwi. Kwa hivyo mwanamume huyo ana mlango mmoja tu duniani ambao aweza kuubisha bila ya aibu, nao ni mlango wa mkewe. Ukifungwa huo, hana pa kwenda. Na tusidanganyane: wengi huufunga wenyewe kwa ndani, wakaitupa na funguo, kwa kudhani kwamba mume hastahili kuonekana akitetemeka.

Walio na fikira hiyo wangekumbuka kisa ambacho kila mtoto wa chuo amesimuliwa. Yapata mwaka 610, Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, aliteremka kutoka pango la Hira akiwa ametishika kwa yaliyomfikia. Hakwenda barazani. Alikwenda kwa mkewe, Bibi Khadija, akamtaka amfunike, naye akamfunika, akamsikiliza, akamtuliza. Ndoa yao ilidumu yapata miaka 25, mpaka Bibi Khadija alipofariki. Na baada ya hapo, miaka ikapita, Mtume alikuwa akichinja mnyama hukumbuka kuwapelekea nyama marafiki wa marehemu. Hayo ndiyo mahaba ya watu waliodumu: mmoja aliita akiwa katika hofu, mwenzake akaitika, na mwito ule haukusahauliwa hata kaburi lilipowatenganisha.

NANI HUMFUNZA MUME?

Hapa ndipo utamaduni wetu unapodaiwa. Bi arusi wa Pwani haingii nyumbani mikono mitupu. Ana somo wake, au kungwi, aliyemkalisha kitako akamfunza usafi, manukato, lugha ya chumbani na lugha ya ukumbini, na namna ya kuituliza hasira ya mume. Tunao pia utenzi mashuhuri wa Mwana Kupona binti Msham, alioutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mume wake, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amekwisha kufa, naye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Akamwachia mwanawe mafunzo ya dini na ya kukaa na mume: namna ya kumpokea, kumtunza mwili wake, kumpamba na kumfukiza, na kulala na kuamka naye kwa upole.

Wanawake wengi wa siku hizi huusoma utenzi ule kwa kukunja uso, wakisema kwamba unamtaka mke awe mtumwa. Hatuingii katika ugomvi huo kwa leo. Twasema hili tu: mtu akiusoma kwa makini ataona kwamba bibi yule alijua siri ya kuangalia. Anayefunzwa kumtazama mwenzake kwa uangalifu kiasi kile, akijua alivyo alalapo na alivyo aamkapo, amefunzwa kuitika. Upungufu si kwamba binti alifunzwa mengi mno. Upungufu ni kwamba kijana wa kiume hakufunzwa. Yeye siku ya arusi alivishwa kanzu na joho, akapigwa mgongoni, akaambiwa, "Haya, umekuwa mwanamume," basi. Alijulishwa kwamba ana haki, na kwamba ana wajibu wa chakula, nguo na makao. Kusikiliza hakutajwa. Hivyo mmoja ameingia katika ndoa akiwa mwanafunzi aliyehitimu, na mwingine hajui hata herufi ya kwanza, kisha twashangaa kwamba barua haisomeki.

LESO NA KANUNI YA WATUNGAJI

Hata hivyo si haki kusema kwamba hatukuachiwa vyombo vya kuzungumzia. Tunazo leso. Anayepita katika maduka ya Barabara ya Biashara mjini Mombasa atawaona akina mama wakizikunjua leso, na kabla ya kutazama rangi, wengi husoma maandishi. Zamani maandishi hayo yalichapwa kwa hati za Kiarabu, baadaye yakaja ya Kirumi, lakini kazi yake ni ile ile. Mke asiyeweza kusema kwa kinywa husema kwa kiuno: hushukuru, hulalamika, huomba radhi, huonya. Mume atokaye kazini akamkuta mkewe amejifunga leso asiyoijua, angefanya vyema kuisoma kabla ya kuulizia chakula. Na tusisahau kwamba leso huuzwa kwa doti, vipande viwili vyenye maneno yale yale, kimoja cha kujifunga na kimoja cha kujitanda. Kurani tukufu, katika Surat Al-Baqara, imewafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja kwa mwenzake. Anayeujua ufundi wa leso hahitaji mwalimu wa kumfafanulia mfano huo.

Tunalo na jambo jingine, nalo ni malumbano ya washairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alirushiana mashairi makali na watungaji wa Lamu katika siku za vita vya maneno na vya silaha kati ya miji hii miwili. Kanuni ya mchezo huo, ambayo mpaka leo huhifadhiwa katika kurasa za mashairi za magazeti, ni kwamba anayejibu humjibu mwenzake kwa mizani yake na kwa vina vyake. Huwezi kumjibu mtu kwa vina vyake kama hukumsikiliza mpaka silabi ya mwisho. Hata adui hupewa heshima hiyo. Sasa jiulize, ni mara ngapi mke husema jambo lenye kina cha huzuni, mume akamjibu kwa kina cha fedha? Mke asema, "Siku hizi nakuona uko mbali nami." Mume ajibu, "Kwani mwezi huu sikukupa matumizi?" Jibu hilo lingepelekwa kwa mhariri wa mashairi angelirudisha, maana halikufuata vina.

WALIO MBALI HUITANA

Hebu tuwatazame sasa wale ambao ndoa zao zilijaribiwa na masafa. Mji wa bandari umezoea kuagana. Mabaharia wa Mombasa walikwenda miezi tisa, wengine mwaka mzima. Kisha, bei ya mafuta ilipopanda katika mwaka 1973 na miaka iliyofuata, vijana na watu wazima wa Pwani walikwenda Saudia, Falme za Kiarabu na Omani kutafuta riziki, wakaacha wake zao Lamu, Malindi na Mombasa. Siku hizi safari imegeuka, na wengi waendao Ghuba kufanya kazi za nyumbani ni wanawake, waume wakabaki na watoto.

Katika miaka ya 1970 na 1980 watu hao waliitana kwa barua na kwa kaseti. Mume alikaa chumbani kwake ugenini usiku, akaweka kinasa sauti mbele yake, akazungumza upande mzima wa utepe. Kaseti ikaletwa na msafiri, ikasikilizwa, na upande wa pili ukajazwa majibu. Kwa kuwa hakuweza kumwona mkewe, alilazimika kutafuta maneno. Alieleza alivyolala, alichokula, alichokiota. Yapo mambo ambayo mume hakuyasema katika miaka kumi ya kukaa pamoja, akayasema katika dakika thelathini za utepe. Na barua nayo, hata ile iliyoandikiwa kutuma fedha tu, haikuweza kuanza kwa fedha. Ilianza kwa salamu nyingi kama mchanga wa bahari, ikauliza hali ya kila mmoja, ndipo ikafika kwenye shabaha.

Tangu mwaka 2007 tunayo M-Pesa, na hatuna budi kushukuru, maana mtoto mgonjwa hangoji tena msafiri. Lakini ujumbe wa M-Pesa hauna salamu. Wataja kiasi, jina la aliyetuma, tarehe na saa, basi. Mume akiona ametuma hudhani amezungumza. Mke akisoma huona amelipwa. Simu hiyo hiyo yaweza kubeba sauti, na zipo ndoa zinazoishi kwa sauti hizo ziendazo na kurudi kila usiku kati ya Riyadh na Kisauni. Chombo si adui. Kaseti ya zamani haikuwaunganisha watu kwa kuwa ilikuwa bora kuliko simu. Iliwaunganisha kwa kuwa upande wa pili wa utepe ulikuwa mtupu, ukingoja kujibiwa.

KIMYA SI KIMOJA

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Walakini vimya si sawa, na asiyevipambanua atatibu homa kwa dawa ya jino. Kuna kimya cha utulivu: wazee wawili wamekaa upenuni baada ya magharibi, mmoja anavuta uradi, mwingine anachagua mchele, wala hakuna anayehitaji neno. Hicho ni matunda ya ndoa, tusikivuruge. Kuna kimya cha kununa na kususa, ambacho ni deni la siku mbili tatu; mtu anataka kubembelezwa, na abembelezwe. Kuna kimya cha kuchoka, cha mtu aliyeita mara mia bila ya jibu akakata tamaa. Hicho ndicho cha hatari, kwa sababu hufanana sana na kile cha utulivu. Mume hujisifu barazani, "Mke wangu siku hizi ametulia, hana maneno tena," kumbe amekwisha kuufunga ule dirisha.

Na kuna kimya cha woga. Mke, au pengine mume, anyamazaye kwa kuwa akisema atapigwa, huyo hahitaji makala ya gazetini juu ya kuitikana. Ahitaji ulinzi. Kenya imekuwa na sheria ya kuwalinda watu na ujeuri wa majumbani tangu mwaka 2015, na hapana aya wala mila iliyomfanya mtu kuwa ngoma ya kupigwa. Subira ni fadhila, lakini kumwambia mtu astahimili ngumi si kumfunza subira.

Kwa nyumba zilizopasuka bila ya kuvunjika, dini ilikwisha weka njia. Surat An-Nisaa yaelekeza kwamba panapohofiwa mfarakano, achaguliwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke, ili wapatanishe. Njia hiyo ikishindwa zipo mahakama za kadhi, ambazo Katiba ya mwaka 2010 imezithibitisha. Mtaalamu Susan Hirsch, katika kitabu chake cha mwaka 1998 juu ya mahakama hizo za Pwani, alionyesha kwamba wengi wapelekao mashtaka ni wanawake. Watu husema mwanamke wa Kiswahili ni wa kuvumilia tu, lakini mbele ya kadhi husimama akajieleza kwa ufasaha. Hata hivyo kadhi ana mipaka yake. Aweza kumhukumu mume atoe matumizi, au kiwanja cha nyumba kigawanywe. Hawezi kumhukumu mtu amwambie mwenzake habari za moyo wake. Madai hayo hayana karatasi ya kuandikiwa, na hakimu wake ni wao wawili.

KABLA UFA HAUJAWA UKUTA

Msomaji atauliza: basi aliyenyamaza miaka kumi ataanzaje? Haanzi kwa hotuba. Akikaa ghafla akasema, "Leo tuzungumze juu ya ndoa yetu," mwenzake atadhani analetewa talaka au mke wa pili. Aanze palipo padogo, kwa kujibu. Mwenzake akisema changu wamepanda bei, aulize wamefika shilingi ngapi. Akionyeshwa mwezi, autazame. Amwite kwa jina lake, hata kama ni kwa siri chumbani, ili asikie tena kwamba alikuwako kabla ya watoto. Akiwa na hofu, aseme ni hofu, asiigeuze kuwa ukali wa bure juu ya chumvi ya mchuzi. Na akiita mara moja asiitikwe, asifanye haraka kususa, kwa kuwa mlango uliokaa na kutu haufunguki kwa msukumo mmoja.

Katika Surat Ar-Rum imetajwa kwamba Mwenyezi Mungu ameweka baina ya wanandoa mambo mawili: mawadda na rahma, yaani mahaba na huruma. Vijana wana la kwanza tele. La pili ndilo mali ya wazee. Uzuri huchakaa, nguvu hupungua, hata harufu ya asumini husahaulika. Lakini mtu aliyeamka usiku akasema, "Mama Fatuma," pasipo sababu yoyote, akasikia gizani sauti ikimjibu "Bee," huyo hajafiwa na ndoa yake. Kwa wale ambao bado wana mtu wa kumwita, tunawaachia ubeti huu tuliouandika kwa ajili yao:

Uitwapo ukitika, japo kwa sauti duni,
Nyumba yako husimika, ingawa ni ya majani,
Kimya kikishajengeka, huwa ukuta moyoni,
Ukinyamaza nyumbani, wadai jibu kwa nani?